Fundo la manyoya halifunguliwi kwa maji

"Nimemwosha kwanza ili yalainike." Nikisikia sentensi hiyo huwa najua nitakachokikuta kwenye meza yangu ya kuchania na kunyolea kabla sijamwona mbwa. Mwenyewe ameona mafundo, akamtia maji na shampuu, akamsugua kwa mapenzi yote, kisha akamwacha akauke. Fundo lililokuwa na ukubwa wa kidole gumba sasa ni bapa gumu lililoganda kwenye ngozi.

Maji hayalegezi, yanakaza. Fundo huanzia kwenye manyoya ya ndani yaliyokwisha kufa: yanapong'oka hayafiki sakafuni, hunaswa na yale marefu ya juu. Kila unyoya una magamba madogo mno. Ukilowesha na kusugua, magamba hayo yanashikana, na yakikauka ndiyo basi. Sufu ya kondoo hugeuzwa kitambaa kizito kwa njia hiyohiyo, ila huko hufanywa makusudi! Tena povu hubaki ndani ya fundo na ngozi iliyo chini yake hukaa na unyevu. Ndipo unakuta wekundu, harufu na kidonda kinachotoa maji.

Fungua kwanza, osha baadaye. Nyunyizia kilainisha manyoya, bana shina la fundo kwa vidole ili usivute ngozi, kisha anzia nchani ukirudi ndani taratibu. Kitana kiwe cha chuma. Kwa hilo sibishani na mtu.

Wengine huapa kwamba wanampiga brashi kila siku. Nawaamini, ila brashi inapita juu juu tu. Tenga manyoya hadi uione ngozi, upitishe kitana kutoka hapo. Kikikwama nyuma ya masikio, kwapani au chini ya mkanda wa shingo, kazi bado.

Mkasi? Weka chini. Fundo huinua ngozi ikaingia katikati yake, na ngozi ya kwapa ni nyepesi kama karatasi. Nimempokea mbwa aliyekatwa hivyo nyumbani. Nilimpeleka kwa daktari akashonwe, mafundo yakasubiri.

Kumnyoa kwa mashine si ukatili pale mafundo yanapofika kwenye ngozi. Ukatili ni kumvuta kwa muda wa saa tatu ili tu apendeze. Masikio yakishanyolewa, mwangalie asitikise kichwa mfululizo, maana damu inaweza kujikusanya ndani ya sikio.

Halafu kuna wale wa "huyu wangu hapukutishi manyoya, hahitaji kuchanwa." Pudo (poodle), yule mbwa wa manyoya ya kujisokota, na machotara wake hupukutisha kama wengine, manyoya hunaswa kwenye mikunjo badala ya kuanguka kwenye zulia lako. Hao ndio wa kuchanwa zaidi, hasa manyoya ya utoto yanapobadilika, mara nyingi kati ya miezi 6 na 12. Mtoto aliyekuwa laini kama pamba anaweza kujaa mafundo ndani ya wiki moja.