Uchafuzi wa rangi za nguo: maana yake, tukianzia kwenye jinzi

Uchafuzi wa rangi za nguo ni madhara yanayopata maji, udongo na watu kutokana na kazi ya kutia uzi au kitambaa rangi. Wengi wakilisikia neno hili huona mto wa buluu. Picha hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Kinachoua samaki na kuharibu mashamba mara nyingi hakina rangi kabisa: ni chumvi, kostiki soda, salfaidi na dawa nyingine zinazowekwa ili rangi ishike. Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu nguo yoyote ni hili: rangi yake hushikaje kwenye uzi? Jibu lake ndilo linaloamua kitakachomwagwa mtaroni.

Buluu ya jinzi ni nili. Zamani ilitoka kwenye majani ya mnili. Tangu 1897, kampuni ya BASF ya Ujerumani ilipoanza kuuza nili ya kiwandani, ile ya majani ilizidi kupotea sokoni. Tatizo la nili ni kwamba haiyeyuki katika maji. Ukiimwaga kwenye beseni itatulia chini kama vumbi. Ili iingie kwenye uzi, hutiwa kostiki soda pamoja na haidrosalfaiti, dawa inayoinyang'anya oksijeni, nayo nili hubadilika na kuyeyuka, maji yakawa ya njano yenye ukijani. Uzi huchovywa humo, hukamuliwa, kisha huinuliwa hewani. Hapo ukijani hugeuka buluu mbele ya macho yako, kwa sababu oksijeni ya hewa imeirudisha nili katika hali yake ya kutoyeyuka. Uzi hurudishwa tena, mara sita, nane au zaidi, mpaka buluu ikolee.

Wanaotengeneza batiki kwa rangi za aina hii wanaijua kazi hiyo vizuri, maana dawa zao ni hizo hizo mbili.

Kwa hesabu ya kemia, kilo 1 ya nili huhitaji takribani gramu 660 za haidrosalfaiti. Kiwandani hutumika zaidi, kwa sababu hewa inayogusa birika, yaani tangi la kutilia rangi, huila dawa hiyo bure. Ikishatumika haipotei. Hugeuka salfaiti na salfeti. Salfaiti ikifika mtoni hunyonya oksijeni ya maji mpaka itosheke, na samaki huanza kupanda juu kutafuta pumzi. Salfeti hula mabomba ya zege, na mahali pasipo hewa bakteria huigeuza kuwa gesi inayonuka mayai yaliyooza. Kostiki nayo hupandisha pH ya birika (kipimo cha ukali wa asidi au magadi, ambapo 7 ni katikati) hadi 11 na kuendelea, kiwango ambacho viumbe wengi wa mtoni hawakiwezi.

Sasa chukua jinzi iliyochakaa, chomoa uzi mmoja wa buluu kwenye pindo, uukate kwa wembe na uutazame kwenye mwanga. Katikati ni mweupe. Nili hukaa juu juu kama ganda, haifiki kiini. Geuza nguo ndani nje utaona weupe mwingine: ni mtande tu, yaani nyuzi za urefu, uliotiwa rangi; mshindio, nyuzi za kukatisha, huachwa mweupe. Ndiyo sababu jinzi hupauka magotini na kwenye mikunjo, na ndiyo sababu watu wanaipenda.

Hapa ndipo jinzi inapoachana na nguo nyingine. Baada ya kutiwa rangi kwa kazi yote hiyo, hupelekwa kufuliwa kiwandani ili ivuliwe rangi ile ile. Huzungushwa kwenye mashine pamoja na mawe mepesi ya volkano yanayoikwangua. Mawe hayo husagika na kuwa tope la kijivu linaloziba mifereji. Hupaushwa kwa dawa ya aina ya jiki. Mapajani hupuliziwa pamanganeti ya potasiamu ili papauke, kisha mabaki yake huoshwa kwa dawa nyingine. Zamani mchanga ulirushwa kwa mashine ya hewa, na vijana waliofanya kazi hiyo Uturuki walipata silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona. Nchi hiyo ilipiga marufuku njia hiyo mwaka 2009. Leo viwanda vizuri hutumia vimeng'enya (protini zinazolainisha uso wa pamba) badala ya mawe, leza (mwali mkali wa mwanga) badala ya pamanganeti na gesi ya ozoni badala ya jiki. Hayo ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo, jinzi ya buluu iliyokolea, iliyooshwa mara moja tu, bado ina mzigo mdogo kuliko ile iliyopauka ikiwa mpya dukani.

Jinzi nyeusi kwa kawaida si nili. Hutiwa rangi za salfa, ambazo huyeyushwa kwa salfaidi ya sodiamu. Maji yake yakikutana na asidi kwenye mtaro au shimo, hutoa gesi ya salfaidi ya hidrojeni, na gesi hiyo huua. Mtu asishuke kwenye shimo la maji hayo bila kupima hewa, hata kama harufu imeisha: gesi ikizidi, pua huacha kuinusa.

Fulana ya pamba ina shida tofauti, na kwangu hii ndiyo nzito kuliko zote. Fulana nyingi za pamba hutiwa rangi zinazojifunga na nyuzi zenyewe, kwa msaada wa magadi na chumvi nyingi. Tufanye hesabu ya rangi iliyokolea. Kilo 1 ya kitambaa kwenye lita 10 za maji, gramu 60 za chumvi kwa kila lita: hiyo ni gramu 600 za chumvi kwa kilo moja ya fulana. Rangi yenyewe ni gramu 30. Ikishika asilimia 70, gramu 9 huoshwa na kwenda zake. Jicho la mtu huweza kuona rangi hata maji yakiwa na miligramu 1 kwa lita, hivyo gramu hizo 9 zinatosha kutia doa lita 9,000. Rangi hiyo huweza kuondolewa. Chumvi ndiyo kikwazo: shabu haiishushi, bakteria hawaili, mchanga hauichuji.

Mji wa Tiruppur, katika jimbo la Tamil Nadu nchini India, ulilijua hilo kwa uchungu. Ni mji wa fulana za kuuzwa nje, na maji ya rangi yaliingia mto Noyyal kwa miaka mingi. Wakulima walioko chini ya mto walikuta visima na mashamba yamejaa chumvi, wakaenda mahakamani. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru mamia ya viwanda vya rangi vifungwe mpaka vitimize sharti la kutomwaga hata tone. Vilivyorudi kazini huyasukuma maji kwenye utando unaobana chumvi, kisha hukausha mabaki kwa joto. Mto umeondolewa mzigo, lakini umeme na kuni zinazochomwa ni nyingi, na chumvi iliyochafuka hubaki kwenye marundo.

Kuna kosa linalorudiwa sana: kupima uchafuzi kwa lita za maji. Kampuni ya jinzi ya Levi's ilikadiria mwaka 2015 kwamba suruali moja ya mtindo wake uitwao 501 hutumia lita 3,781 katika maisha yake yote. Asilimia 68 ni shamba la pamba, asilimia 23 ni kufua nyumbani. Ukitazama hesabu hiyo peke yake, kutia rangi kunaonekana jambo dogo. Lakini maji ya shambani na ya birika la kostiki hayalingani kwa sumu. Lita hupima kiu ya nguo, si uchafu wake.

Maji ya nili yenyewe hayasumbui sana kusafisha. Yakipigwa hewa, nili hurudi kutoyeyuka na kutuama. Mtambo wa kawaida huyakusanya maji ya siku nzima kwenye tangi moja yachanganyike, hushusha pH, hutia shabu au chokaa, halafu huyapeleka kwa bakteria wenye hewa ya kutosha. Mambo huharibika pale tangi la kuchanganyia linapokuwa dogo: birika moja la jiki au kostiki likifika kwa mkupuo, bakteria wote hufa, na huchukua wiki kadhaa kuwakuza upya. Wengine huzima pampu za hewa usiku kuokoa umeme. Wengine huyazimua maji machafu kwa maji safi ili kipimo kipite, jambo ambalo halipunguzi hata gramu moja ya sumu.

Kwa fundi wa batiki mwenye beseni la lita 10, utaratibu ni ule ule kwa udogo. Tumia maji ya rangi kwa vitambaa vingine mpaka yaishiwe nguvu. Yanayobaki yaache wazi nje usiku kucha, uyakoroge mara kwa mara, mpaka yawe na rangi ile ile ya kitambaa kilichokauka. Hapo haidrosalfaiti imekwisha. Usitie siki kabla ya hapo, kwa sababu asidi ikikutana na dawa ambayo bado hai hutoa gesi inayokaba koo. Baada ya hapo ndipo utie siki kidogo kidogo mpaka karatasi ya pH isome kati ya 7 na 8. Acha rangi ituame, mimina maji ya juu mbali na kisima na mfereji, na tope la chini likaushe juani, ulifunge kwenye mfuko na lisiende kwenye bustani ya mboga.