Muhuri wa 925 Hausemi Lolote Kuhusu Opali Yako

Nimeletewa tena pete ya fedha yenye vipande vya opali, na mwenyewe ameigeuza upande wa ndani ili nisome 925. "Fundi, si unaona imegongwa muhuri?" Naona. Muhuri huo unahusu metali pekee: sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, na zinazobaki kwa kawaida ni shaba. Kuhusu jiwe ni bubu kabisa. Hata kuhusu metali, uzito wa neno lake hutegemea aliyeugonga, kwani Uingereza pete inayozidi gramu 7.78 haiwezi kuuzwa kama fedha kabla ya kupimwa na ofisi maalumu, ilhali Marekani mtengenezaji hujigongea mwenyewe.

Swali linalostahili kuulizwa ni kama opali hiyo ilichimbwa au ilitengenezwa. Kwa pete za bei ya kawaida tunazoziona hapa Kampala, mimi hudhani imetengenezwa hadi nioneshwe vinginevyo. Opali ni silika, kampaundi ileile inayounda mchanga, yenye maji ndani yake, na rangi zake hucheza kwa sababu vitufe vidogo mno vya silika vimejipanga kwa safu na kuuchambua mwanga. Watafiti wa Australia waliuona mpangilio huo kwa hadubini ya elektroni mwaka 1964, na kufikia 1974 mtengenezaji wa vito Pierre Gilson alikuwa tayari anauza opali ya maabara.

Muuzaji akiona unasita huitaja Ethiopia, kwa kuwa si mbali na ni kweli kwamba eneo la Wollo huko hutoa opali nzuri. Hapo mnunuzi huitumbukiza pete katika glasi ya maji, akiwa amesikia kwamba opali ya huko hunywa maji na kuwa angavu. Ni kweli hunywa, lakini ya Australia kwa kawaida hainywi, na hiyo nayo imechimbwa. Kwa hiyo glasi yako haijathibitisha lolote, isipokuwa umeyapa maji nafasi ya kupenya chini ya jiwe na kuilegeza gundi. Tafadhali acheni jambo hili.

Ugumu wenyewe uko katika namna vito hivi vinavyotengenezwa. Jiwe lililo huru ningelitazama ubavuni kwa lenzi ya kukuza mara 10, kwa sababu opali ya maabara huonesha nguzo za rangi zilizosimama wima, na ningelipima uzito, kwa sababu ile ya maabara iliyonyweshwa resini, yaani kimiminika cha plastiki kinachoganda, ni nyepesi. Lakini katika kazi ya kujaza, kama ya pete hii, sonara huchonga mfereji katika fedha, akakata vipande vyembamba, akavibandika kwa gundi ya epoksi, kisha akavisaga hadi vilingane na metali. Ubavu umezikwa, mgongo umefunikwa, na uzito ni wa fedha. Ninabaki na uso peke yake. Usoni, opali ya maabara mara nyingi huonesha madoa ya rangi yenye kingo kali, yaliyopangana kama magamba ya mjusi, na vipande vyote vya pete moja, tuseme sita, hufanana mno. Vipande sita vya mgodini vinavyolingana hivyo vingemgharimu sonara jiwe jingi na muda mwingi, na bei ingelisema hilo. Hata hivyo, kipande kikiwa chembamba na chenye upana wa punje ya mchele, zipo siku ambazo lenzi hainipi jibu, na humwambia mteja hivyo.

Wengine, wakishaambiwa ni ya maabara, hukimbilia upande wa pili na kuiita plastiki. Si haki. Iliyo silika tupu ni opali kwa muundo wake. Iliyojazwa resini kwa kiasi kikubwa ndiyo inayonisumbua, maana wapo wataalamu wanaoiita opali na wapo wanaoiita mwigo, nami hubadilika kulingana na pete iliyo mbele yangu. Kosa ni kuuziwa kwa bei ya mgodi. Mwambie muuzaji aandike aina ya jiwe kwenye risiti, kisha uone kama kalamu yake itasita.

Kazi yenyewe ikague kwa ukucha: upitishe juu ya maungio, na ukikwama, usagaji ulikuwa wa haraka. Tafuta viputo vya gundi pembeni. Kwa opali, hereni na vidani hudumu kuliko pete, kwa sababu ugumu wake katika kipimo cha Mohs, cha 1 hadi 10, ni kati ya 5.5 na 6.5, wakati vumbi letu lina chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7. Fedha ikiwa nyeusi, ifute kwa kitambaa. Dawa za kusafishia fedha kwa kuichovya ziache.

Na chagueni kipimo sahihi cha kidole siku ya kununua. Kupanua au kupunguza pete hutaka moto wa kuunganishia fedha, na moto huo huunguza gundi na kupasua opali, iwe ya mgodini au ya maabara. Kazi hiyo siipokei.