Mpiga kura asiyekuamini anakumbuka, ndo maana hakuamini

Swali ambalo nimelisikia milangoni kuliko lolote, miaka yote hii ninayozunguka na vijana wa vyama kwa kazi ya taasisi yetu ya elimu ya mpiga kura, ni hili: mara ya mwisho mlikuja hapa lini? Mtu haulizi sera wala ilani, anauliza tarehe. Na kijana wa chama aliyevaa fulana mpya hapo ndo anaishiwa, anaanza kusoma zile pointi alizopewa ofisini, moja baada ya nyingine, na mama aliyeuliza anamsikiliza kwa heshima zote mpaka amalize, anapokea karatasi, anasema haya mwanangu Mungu awatangulie, anarudi ndani. Kijana anageuka anaandika kwenye fomu yake "anatuunga mkono". Nimeziona fomu za aina hiyo zikijumlishwa ofisini mpaka usiku, watu wanashangilia, halafu siku ya matokeo wanaulizana zile kura zilienda wapi.

Hazikwenda popote, hazikuwepo.

Vyama vingi vinachukulia kwamba mtu mwenye mashaka hajaelewa, kwa hiyo dawa yake ni kumwelewesha, yaani mabango yaongezwe, spika ziongezwe, posti ziongezwe. Lakini ukikaa na huyo mtu nusu saa tu utagundua anaelewa vizuri sana, tena pengine kuliko wewe uliyetumwa, manake yeye anakumbuka jiwe la msingi lililowekwa miaka ile na mpaka leo hakuna jengo, anakumbuka mbunge aliyebadilisha namba ya simu wiki mbili baada ya kuapishwa, anakumbuka mwanae aliyeahidiwa kazi akatembea na bahasha ya vyeti mpaka ikachanika. Mashaka yake ni kumbukumbu. Na kumbukumbu ya mtu huwezi kuishinda kwa kupaza sauti, inabidi uikubali kwanza kwamba ipo na kwamba ni ya kweli.

Utafiti nao unasema hivyohivyo. Mwaka 2018 wataalamu wawili wa Marekani, Joshua Kalla na David Broockman, walikusanya majaribio 49 yaliyofanyika kwenye kampeni za kweli, barua, simu, kugonga milango, wakatafuta kwa wastani kampeni inambadilisha mtu kiasi gani amchague nani kwenye uchaguzi mkuu wa vyama. Jibu lilikuwa karibu na sifuri. Sio kwamba kampeni haina kazi, inaweza kumtoa nyumbani mtu ambaye tayari yuko upande wako, na hilo lilijulikana toka jaribio la watafiti Alan Gerber na Donald Green kwenye mji wa New Haven, Marekani, mwaka 1998, kwenye wapiga kura kama 30,000, ambapo waliotembelewa ana kwa ana walijitokeza kupiga kura zaidi, barua zikasaidia kidogo tu, na simu za watu wa kukodi hazikusaidia. Ila kumtoa wako nyumbani ni kazi moja na kumvuta asiyekuamini ni kazi nyingine kabisa, na chama kinachotumia mbinu za kazi ya kwanza kufanya ya pili kinamwaga maji kwenye mchanga.

Sasa ipo njia moja iliyoonyesha matunda, na naipenda kwa sababu haihitaji pesa nyingi, inahitaji uvumilivu. Hao hao Broockman na Kalla walichapisha mwaka 2016 matokeo ya jaribio lililofanyika Miami, ambapo watu wa kujitolea na wa kuajiriwa waligonga milango na kuzungumza na wenyeji kama dakika 10 hivi kuhusu kundi la watu wanaobaguliwa. Chuki ilipungua, na walipofuatilia miezi mitatu baadaye bado ilikuwa imepungua. (Kabla yake kulikuwa na utafiti mwingine maarufu wa mtu mwingine kuhusu njia hiyohiyo, ukafutwa mwaka 2015 kwa sababu data zake hazikuaminika, na waliogundua walikuwemo hawa hawa wawili, ndo wakaenda kupima wenyewe upya. Nalitaja kwa sababu kwenye mambo ya uchaguzi watu hupenda sana kunukuu takwimu bila kuuliza imetoka wapi.) Jaribio lile la Miami halikuwa la kura za chama, nisikudanganye, ila walichokifanya mlangoni kinafundisha. Hawakuhubiri. Waliuliza mtu anaonaje, wakanyamaza wakasikiliza, wakamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuonewa au kutengwa, na wao wakasimulia yao.

Nimejaribu kuwafundisha vijana wa vyama tofauti jambo hili na ugumu wake upo sehemu moja tu, kwenye kunyamaza. Kijana anauliza "mzee, wewe unaona shida ni nini hapa?" mzee anaanza, kabla hajafika sentensi ya pili kijana kashaingilia, "ndiyo, ndo maana chama chetu..." na mlango umefungwa hapohapo hata kama mzee bado amesimama. Kwa hiyo mazoezi yetu siku hizi tunayaanza bila sera yoyote. Wanakaa wawili wawili, mmoja anasimulia mara ya mwisho aliyoangushwa na kiongozi, mwenzake haruhusiwi kujibu chochote mpaka arudie kwa maneno yake alichokisikia na msimuliaji akubali kwamba ndicho alichosema. Inachukua muda. Wengine wanashindwa raundi tatu nzima. Lakini akishaweza hapo, ukimpeleka mlangoni na yule mama akauliza mara ya mwisho mlikuja lini, anajibu "ni kweli mama, hatujawahi kurudi toka uchaguzi uliopita, na tulikuahidi. Ilikuwaje baada ya hapo?" Na mama anakaa chini, anaanza kusimulia.

Hapo hujapata kura bado. Umepata mazungumzo tu, na chama chenye haraka ya kuandika "anatuunga mkono" kitaharibu kila kitu.

Kuna jambo la kukiri kosa, na hapa viongozi wa juu ndo wagumu kuliko vijana wa chini. Angalia kilichowapata chama cha Liberal Democrats cha Uingereza. Kabla ya uchaguzi wa 2010 wagombea wao walitia saini ahadi kwamba watapinga kupandishwa kwa ada za vyuo vikuu, wakapata viti 57, wakaingia serikali ya muungano, na mwaka huohuo serikali hiyo ikapandisha kiwango cha juu cha ada mpaka pauni 9,000 kwa mwaka. Kiongozi wao Nick Clegg aliomba radhi hadharani Septemba 2012. Mwaka 2015 wakabaki na viti 8. Yapo mengine yaliyowaangusha, siwezi kusema ni ada peke yake, ila jifunze kwenye ile radhi yenyewe: ilikuja karibu miaka miwili baada ya kura bungeni, watu wakiwa wameshaamua moyoni. Radhi inafanya kazi ukiitoa kabla hujalazimishwa, ukitaja kosa kwa jina lake, nani alikosea, na mmebadilisha nini ili lisirudiwe. "Kulikuwa na changamoto" sio radhi, mpiga kura anaisikia kama tusi la pili.

Na ona pia uzito wa ahadi iliyotiwa saini. Ahadi inayopimika ndo inayokuuma ukiivunja, kwa hiyo ndo hiyohiyo mtu mwenye mashaka anaweza kuiamini kidogo, sababu anaona umejifunga nayo. Ahadi ya "tutaboresha maisha ya wananchi" haikugharimu kitu hata usipoitimiza, na yeye analijua hilo. Ushauri wangu kwa chama chochote kinachoniuliza ni kwamba ilani iwe na mambo yote mnayotaka, sawa, lakini mlangoni nendeni na mambo mawili au matatu tu, yenye tarehe, yenye hela itakayotoka wapi, na mseme wazi lile ambalo hamtaliweza kwenye muhula wa kwanza. Viongozi wanaogopa sana hiyo sehemu ya mwisho. Mimi nimeona kinyume chake, mtu akisikia "hili hatutaliweza miaka mitano hii" ndo anainua macho kukuangalia vizuri.

Kitu ambacho wengi hawakijui, vyama huwa vinatimiza ahadi kuliko watu wanavyodhani. Kundi la watafiti lilifuatilia ahadi zaidi ya 20,000 kwenye nchi 12 na kuchapisha matokeo mwaka 2017, wakakuta vyama vinavyoshika serikali peke yake vinatimiza zaidi kuliko vinavyogawana madaraka kwenye muungano. Ila ahadi iliyotimizwa haipigi kelele, ile iliyovunjwa ndo inayosimuliwa. Kwa hiyo chama kilichowahi kuongoza, hata kama ni halmashauri moja tu, kingefanya vizuri kutembea na orodha ya ahadi zake za zamani ikionyesha hili limefanyika, hili nusu, hili halijafanyika na sababu ni hii. Orodha nzima, pamoja na zile za aibu, kwa sababu ukileta zilizofanikiwa peke yake yeye atakutajia zile zingine mwenyewe mbele ya majirani.

Halafu mpeleke mgombea mahali anapoweza kuulizwa. Sio mkutano wa hadhara wenye wasanii, pale hakuna anayeuliza. Sierra Leone kwenye uchaguzi wa 2012 wagombea ubunge walirekodiwa wakijadiliana, kisha midahalo hiyo ikaonyeshwa kwenye skrini usiku kwenye maeneo ya wapiga kura. Waliotazama waliwajua wagombea zaidi na wale waliofanya vizuri kwenye mdahalo waliongezewa kura, na waliochaguliwa wakiwa wamepita kwenye midahalo walionekana baadaye kuyatumikia majimbo yao zaidi. Benin nako mwaka 2006 Leonard Wantchekon na wenzake walijaribu mikutano ya wanakijiji kukaa na kujadili sera yenyewe badala ya kuhutubiwa, na watu wa huko waliripoti ugawaji mdogo zaidi wa pesa na zawadi, na mgombea aliyekuwa na ngome pale akapungukiwa kura. Chama ambacho pale ni kigeni kingeifurahia mikutano ya namna hiyo, na chenye ngome kingejiuliza kinaogopa nini.

Kuhusu kugawa hela na vitu nitasema kwa ufupi, ukiacha kwamba ni kosa kisheria sehemu nyingi: kwa mtu mwenye mashaka zawadi yako inathibitisha alichokuwa anakihisi. Atapokea, na atakuchukulia hivyohivyo kama ulivyomchukulia yeye.

Linalonikera mpaka leo ni kalenda. Vyama vinaanza kutafuta wasioviamini siku 60 kabla ya uchaguzi, wakati ambapo kila mtu anagonga mlango na kila neno linasikika kama ombi la kura. Kazi hii inaanza wiki moja baada ya matokeo, hasa kwa aliyeshindwa. Wapo vijana niliowahi kuwafundisha, chama chao kilishindwa vibaya, wakachukua madaftari waliyoandika shida za watu wakarudi kwenye nyumba zilezile bila fulana. Mzee mmoja akatoka akadhani wamekosea tarehe, akawaambia uchaguzi si umeisha? Wakamwambia umeisha baba, tumekuja kuhusu lile bomba ulilotuambia, tumeandika barua kwa mhandisi na hii ndo nakala yako. Akaisoma yote akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, halafu akaita ndani waletewe viti.