Uchafu wa Msimbazi Una Wenyewe

Mvua za kwanza za masika zikianguka Dar es Salaam, kasimame kwenye karavati lolote linalomwaga maji mto Msimbazi. Hutangulia povu jeusi, zikafuata chupa za maji, kandambili isiyo na mwenzake, nepi za watoto, na mwisho godoro kuukuu linalokwama mdomoni mwa karavati. Nusu saa baadaye maji yako barabarani, na watu walioshika viatu mkononi wanauliza serikali iko wapi.

Wana haki ya kuuliza. Ila sisi tunaofanya kazi ya mazingira tuna swali jingine: godoro lile lilitoka kwa nani?

Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, ukakatiza jiji kwa takriban kilomita 35 hadi baharini, karibu na daraja la Selander. Mkazi wa Gongo la Mboto, upande wa juu, anaweza kuipelekea Jangwani, huku chini bondeni, taka zake bila kutoka uani kwake. Anachotupa mtaroni leo, mvua inakibeba bure.

Kuna jambo tunaona haya kulitaja hadharani: kutapisha vyoo. Mvua ikikolea, mwenye nyumba anatoboa shimo la choo ubavuni, kinyesi kinaondoka na maji, naye ameokoa pesa ya gari la maji taka. Majirani wanasikia harufu, wanafunga madirisha. Wengine wananyamaza kwa kuwa wiki ijayo ni zamu yao. Maji yale yale hupita kwenye matuta ya mchicha kandokando ya mto, huingia kwenye visima vifupi, na mchicha unarudi sokoni kwa mafungu. Kipindupindu hakihitaji njia nyingine. Sitasema gari la maji taka ni bei rahisi; si rahisi, na mitaa mingine halipiti kabisa. Lakini nyumba yenye wapangaji sita ikichangishana kidogo kidogo kila mwezi, shimo likijaa pesa ipo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na salama. Hicho ni kifungu cha 4, na tukifanya mikutano ya mitaa ndicho wananchi wanachokikumbuka. Cha 6 hakitajwi sana: kila anayeishi Tanzania ana wajibu wa kulinda mazingira na wa kutoa taarifa kwa mamlaka anapoona yanaharibiwa. Kwa hiyo kumripoti anayetapisha choo au anayechimba mchanga mtoni usiku si umbea. Mchanga ukiondoka, kingo zinamomonyoka na mto unasogelea nyumba za watu. Kifungu cha 57 nacho kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hizo ni hatua themanini hivi za mtu mzima. Kabla ya kununua kiwanja cha bei ya kutupa, zihesabu mwenyewe, usimwachie dalali.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na rambo kweli zilipotea. Sasa vile vifungashio laini vilivyokusudiwa kufungia bidhaa vimegeuzwa vibebeo vya nyanya na dagaa. Muuzaji anavitoa kwa sababu mteja amekuja mikono mitupu. Kikapu cha bibi kiko jikoni, kimening'inia msumarini.

Mitaro izibuliwe Februari, ikingali mikavu, si siku ambayo redio imeshatangaza mvua kubwa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunajitokeza na makoleo, tunazoa tope, tunalirundika pembeni ya mtaro, tunapiga picha na kwenda kunywa chai. Kubalianeni kwanza na mwenyekiti wa mtaa ni gari gani litalibeba, na saa ngapi. Tope likilala pale siku tatu, mvua moja inalirudisha lilikotoka.