Harusi ya Kijijini Haina Haraka, Ila Jua Lina Haraka

Maharusi wengi wanaonitafuta siku hizi hawataki ukumbi wa Kampala. Wanataka nyasi, kivuli cha mwembe, ziwa kwa chini, watu sitini au themanini wanaojuana kwa majina, na mpiga picha asiyewapanga foleni kutwa nzima. Kazi yangu iko Fort Portal, magharibi mwa Uganda, kwa hiyo harusi nyingi ninazopiga picha ni za kwenye mashamba ya chai, kwenye kingo za maziwa ya kreta, yale mashimo ya volkano, huko Kasenda na Ndali, na zile ninazozipenda kuliko zote, za uani kwa babu. Wenzangu wanapiga za ziwa Bunyonyi, za maporomoko ya Sipi, za ukingo wa Nile pale Jinja. Mandhari ni tofauti, kazi ni ile ile.

Wapo walioingia njia hii kwa kulazimika. Machi 2020 serikali ilipoweka kikomo cha watu 10 kwenye harusi, wengine walifunga ndoa mbele ya wazazi, wapambe na padri basi. Korona ilipopungua, kamati za harusi zilirudi na mikutano yake ya michango, lakini picha za zile harusi ndogo zilikuwa zimeshazunguka kwenye simu. Mtu akaona dada yake anacheka kweli kweli siku ya harusi yake, naye akataka hivyo hivyo.

Sasa, wengi wanadhani harusi tulivu haihitaji mipango. Mpiga picha anakuja, anajibanza pembeni, anangoja mambo yatokee. Mimi naona kinyume chake. Picha zenye utulivu zinatoka kwa watu waliokuzoea kabla hujatoa kamera begini, na kwenye siku iliyopangwa kwa kufuata jua. Hayo mawili yakikosekana, hata uwe na kamera ya bei ya gari, utarudi na picha za watu waliokodoa macho.

Nianze na watu. Huku Tooro, eneo letu la Fort Portal, ukimsalimia mtu mzima bila kumuuliza empaako yake, umemwacha nusu. Ni majina 12 tu ya heshima na mapenzi, Amooti, Akiiki, Abwoli, Adyeri, Ateenyi na wenzake, na mengi yake yanatumiwa na wanaume na wanawake sawa. Okaali ndilo la Omukama, yaani mfalme, usilichezee. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka mila hii kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, lakini kwangu mimi ni kitendea kazi. Mzee ambaye dakika tano zilizopita alikuwa amekaza uso kwa sababu ya mwanamke mwenye begi kubwa, ukimwita "Atwooki" huku umeinama kidogo, mabega yanashuka. Na wewe atakuuliza yako. Kama huna, watakupa papo hapo, mara nyingi bibi ndiye anayechagua, na ukishapewa wewe si mgeni tena uani pale. Mimi nilipewa Abwoli, na hadi leo kuna familia zinazonijua kwa hilo tu.

Kwa hiyo nafika siku moja kabla, jioni, wakati wanawake wanamenya matoke na vijana wanafunga hema. Kamera inabaki ndani ya gari. Nakaa chini, nashika kisu, namenya. Namtafuta shangazi wa bi harusi, maana yeye ndiye mwenye siku. Anajua nani na nani hawasemezani, nani asiwekwe karibu na nani kwenye picha, mama yupi ni wa kambo, na ni saa ngapi hasa bi harusi atakuwa tayari, si ile iliyoandikwa kwenye ratiba. Kesho yake mlango wa chumba cha bi harusi ukifungwa, mimi niko upande wa ndani.

Jambo lingine ambalo vijana wanaoanza hawaliangalii ni urefu wa macho. Huku wanawake wengi wanapiga magoti kusalimia wakubwa, na kwenye kwanjula ya Baganda (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) au kuhingira ya watu wa magharibi (sherehe ya kumuaga bi harusi kwao) magoti ni mengi. Mpiga picha aliyesimama anawatazama kwa juu, na picha inamwonyesha mama wa watu kama anaomba msamaha. Chuchumaa. Kamera ikae sawa na uso wake, na ile heshima anayoitoa itaonekana kuwa ni heshima.

Kwenye sherehe hizo, wasemaji wa familia mbili wakianza kutaniana, mmoja anadai wamepotea njia, mwingine anawatoza faini kwa kuchelewa, wapiga picha wote wanawalenga wao. Mimi nawageuzia mgongo. Picha iko kwa mjomba aliyeshika mbavu, kwa bwana harusi anayejificha nyuma ya wapambe na kutokwa jasho ndani ya kanzu, kwa watoto wanaocheka bila kujua kilichosemwa. Msemaji naye nampiga, moja au mbili, kwa sababu kesho atauliza.

Na tafadhali, msiwalazimishe wazee kucheka. Kuna kizazi ambacho picha ni jambo la kusimama wima na kutazama mbele. Hiyo ndiyo sura yake, na wajukuu wataitambua.

Sasa jua. Fort Portal iko chini ya nyuzi 1 kutoka ikweta, na hapa ndipo mafunzo mengi ya intaneti yanapotudanganya, kwa kuwa yametengenezwa na watu wa nchi za mbali ambako jua la mchana linaweza kuwa limeinama. Kwetu, Machi na Septemba jua la adhuhuri linakaa utosini kabisa, na hata Juni na Desemba halishuki chini ya nyuzi 65 hivi kutoka upeo wa macho. Macho yanakuwa mashimo meusi, pua inatupa kivuli mdomoni, na gauni jeupe linawaka mpaka nakshi zake zinapotea. Tena saa yetu ni ile ile ya Nairobi na Mogadishu ilhali sisi tuko mbali magharibi, hivyo jua linafika juu karibu saa 7 mchana, si saa 6. Ratiba nyingi za harusi zinaweka picha za maharusi hapo hapo, kati ya kanisa na chakula. Ni saa mbaya kuliko zote.

Ninachowaomba maharusi ni dakika thelathini, kuanzia saa 11 na nusu jioni. Jua huku linazama kati ya saa 1 kasorobo na saa 1 na robo, kutegemea mwezi. Jinja ni kama dakika 12 mapema zaidi. Lakini usiamini programu ya simu ukiwa huku kwetu. Rwenzori imekaa upande wa magharibi, na jua linaingia nyuma ya milima kabla ya muda ulioandikwa. Ukiwa chini ndani ya kreta, ukingo wake unalikata mapema zaidi. Nikienda kukagua sehemu, naenda jioni, nasimama pale maharusi watakaposimama, naangalia saa kivuli kinapofika miguuni. Hiyo ndiyo saa yangu, ya kwenye simu haina kazi. Na giza halibembelezi: jua likishazama una kama dakika ishirini, basi, umebaki na flashi.

Mchana nitafanya nini? Nitakaa kivulini pamoja na watu. Mwembe wenye majani mazito ni studio tosha, ila angalia matundu ya mwanga yanayoanguka usoni kama madoa ya chui. Afadhali ukingo wa kivuli, uso ukitazama nje kwenye uwazi. Barazani kwenye nyumba ya bati ni pazuri vile vile, hasa kama ukuta umepakwa chokaa. Nyasi za kijani zinarudisha rangi yake chini ya kidevu, kwa hiyo bi harusi akisimama kwenye udongo au saruji ngozi yake inatoka safi zaidi. Napima mwanga kwa uso. Gauni nalilinda kwa kupiga katika faili ghafi, RAW, ili nakshi zirudi baadaye, lakini uso mweusi ulioachwa gizani ili gauni lipendeze ni dharau, na nimeziona picha za namna hiyo nyingi mno.

Kuhusu kanisa, sheria ya ndoa inataka ndoa ya kanisani ifungwe mahali pa ibada palipopewa leseni, milango ikiwa wazi, mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Ndiyo maana harusi nyingi za bustanini zinaanza kanisani, pengine kilomita kadhaa za murramu, barabara ya udongo mwekundu, kutoka sherehe ilipo. Hesabuni barabara hiyo, hasa ikinyesha. Na ile milango wazi ni zawadi: kanisa la kijijini lina madirisha madogo, mwanga wote mzuri unaingia mlangoni, kwa hiyo maharusi wanapotoka nawaomba wasimame hatua mbili kabla ya kizingiti. Kwa nikaha nauliza mapema kuhusu upande wa wanawake, na kwa kuwa mimi ni mwanamke napewa nafasi ambayo wenzangu wa kiume hawapewi.

Hema. Hili ndilo ninaloweza kugombana nalo na mtu wa mapambo. Hema la mistari ya bluu na nyekundu, jua likipita juu yake, linawapaka wageni rangi hizo hizo, na hakuna programu ya kuhariri itakayomwondolea mama mzazi uso wa zambarau bila kumharibu. Ombeni hema jeupe tupu, ndani na nje. Litatawanya mwanga mchana, na usiku nitaelekeza flashi juu, mwanga urudi ukiwa laini. Kama pesa haitoshi kwa hema jeupe na maua, punguzeni maua. Zile taa za rangi zinazozunguka ziwashwe muziki ukianza, si wakati baba anatoa hotuba.

Picha za makundi wengi wanaoomba harusi ya utulivu wanataka ziondolewe. Msiziondoe. Watu wametoka Kasese, Arua, wengine wamevuka kutoka Kongo kupitia Mpondwe, na hiyo picha ya ukoo ndiyo itakayotundikwa ukutani. Nachofanya ni kuzimaliza haraka: orodha fupi aliyoipitisha shangazi, MC mwenye sauti, viti vya wazee vikiwa tayari kivulini, na tunaanza na wenye umri mkubwa ili wakapumzike. MC huyo huyo nampa kazi ya pili, awaombe wageni waweke simu chini pete zinapovishwa. Akisema kwa utani wanasikia. Nikisema mimi, wananuna.

Vifaa havina siri. Kamera mbili mwilini, moja na lenzi ya milimita 35 ya kukaa karibu na watu, nyingine na ya 85 ya hotuba na ya wale wanaojificha wakiona kamera. Kila kamera inaandika kwenye kadi mbili kwa pamoja. Sibadilishi lenzi nje, vumbi jekundu la murramu likiingia kwenye sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachonasa picha, utalipanguza kwenye kila picha ya anga. Betri nachaji nyumbani, sitegemei jenereta ya sherehe kwa sababu hiyo ina spika na friji ya kuihangaikia. Droni sibebi isipokuwa maharusi wenyewe wameomba mapema, maana inahitaji kibali cha mamlaka ya anga, na kwa maoni yangu mlio wake unaua utulivu ule ule mliokuja kuutafuta.

Baada ya harusi, sipandishi picha mtandaoni mpaka maharusi waniambie zipi na nani asionekane. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inadai ridhaa ya mtu, na kwa watoto ridhaa ya mzazi, lakini hata bila sheria, harusi ya watu sitini ni mambo ya nyumbani. Bei yangu ina fungu la picha za kuchapwa, kwa ajili ya wazee wasio na simu za kufungulia albamu ya mtandaoni. Nazipeleka mwenyewe pale inapowezekana, na hapo ndipo ninapopata wateja wengi, kwa sababu jirani huwa yupo.

Swali linalobaki ni mwezi. Mvua zetu kubwa ni Machi hadi Mei, kisha Agosti au Septemba hadi Novemba, kwa hiyo watu wanakimbilia Juni, Julai, na Desemba hadi Januari. Nyasi zitakuwa kavu na viatu vitapona. Lakini Rwenzori, pamoja na mita zake 5,109, inapotea kabisa kwenye vumbi na moshi wa kiangazi, na bi harusi aliyechagua bustani kwa ajili ya milima anapigwa picha mbele ya anga la kijivu. Milima inafunguka mvua ikishaosha hewa, hasa asubuhi na mapema. Kwa hiyo kama mnaitaka theluji ile nyuma yenu, njooni Oktoba, kodini hema lenye kuta, nunueni gumbuti za kuvaa chini ya gauni, na mkubali kuamka saa 12 asubuhi siku inayofuata harusi, mkiwa wawili tu na mimi.