Si kila UPS husafisha umeme

Utasikia mtu mwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoibeba kompyuta umeme ukikatika, akisema, "Kompyuta yangu iko kwenye UPS, haigusani na umeme wa nguzo." Imani hii ni ya siku nyingi, na kwa UPS ndogo za bei nafuu si kweli.

Hizo nyingi ni za offline. Umeme wa ukutani hupita ndani yake moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, huku betri ikichajiwa pembeni. Umeme ukikatika unasikia "ta!": ni swichi ya ndani inahamia kwenye betri, kwa kawaida ndani ya milisekunde 10. Kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme kidogo) za pawa saplai, sehemu inayoilisha kompyuta umeme, huibeba kompyuta muda huo, ndiyo maana haizimi. Lakini kabla ya mlio huo, volti zikiyumba kidogo, kompyuta inazipokea karibu kama zilivyo. Zipo za kati zenye kirekebisha volti. Hizo zina nafuu.

Inayofanya kile watu wanachodhani ni ya online (jina hilo halihusiani na intaneti, nimeulizwa sana). Muda wote inageuza umeme wa ukutani kuwa wa mkondo mnyoofu kama wa betri, kisha inautengeneza upya kuwa mkondo geu kama wa ukutani. Umeme ukikatika, haina pa kuhamia, maana betri tayari imeungwa kwenye njia hiyo. Gharama yake ni bei, joto, feni inayovuma kutwa, na umeme unaopotea katika kugeuza. Kwa kompyuta ya kuchapia barua nisingeinunua. Kwa seva au mashine ya maabara, ningeinunua bila kusita.