Gari linalogoma kuwaka likiwa la moto

Asubuhi linawaka ukigusa tu ufunguo. Unaendesha nusu saa, unalizima kwa dakika 20, ukirudi stata inazunguka weee, injini haishiki. Unaita fundi. Kufika kwake gari limeshapoa, anapiga stata mara moja, linanguruma, naye anakutazama kama uliyemsumbua bure.

Ndiyo maana ugonjwa huu unakula vipuri. Unabadilisha koili, linawaka. Kumbe limewaka kwa sababu lilipoa wakati unafungua boliti. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha pampu nzima ya mafuta kwenye gari ambalo shida yake ilikuwa soketi ya waya iliyooza. Nitalirudia hilo.

Ukizima injini, haianzi kupoa papo hapo. Maji yamesimama, upepo wa mwendo umekatika, na joto lililokuwa likibebwa na maji sasa linapanda kwenye reli ya mafuta, injekta (zinazopuliza petroli ndani ya injini), sensa na stata. Kwa hiyo ukizima na kuwasha palepale huoni tatizo. Mimi hulipasha gari moto, nalizima, nafunga boneti na kusubiri zile dakika 20 nikiwa na geji ya presha na multimita mkononi. Gari likigoma nikiwa nimesimama mbele yake, nusu ya kazi imekwisha.

Kwanza sikiliza stata. Ikizunguka kivivu au ikilia “tak” moja tu, achana na mafuta. Kagua betri, nyaya zake nene, na stata yenyewe iliyopikwa na ekzozi.

Ikizunguka kwa nguvu, fungua swichi bila kupiga stata, sikia pampu ikivuma kama sekunde 2, funga, rudia mara tatu. (Baadhi ya magari ya zamani zaidi hayana mtindo huu, pampu yake huvuma pale stata inapozunguka tu.) Sasa piga. Likishika, presha ilikuwa imevuja wakati gari limesimama. Petroli iliyobanwa ni kama maji chini ya kifuniko cha rejeta: presha ikibaki, haichemki upesi, ikishuka, inageuka mvuke, na injekta inapuliza mapovu. Bosch walilijua hilo mapema. Mfumo wao wa kupuliza petroli, K-Jetronic, ulioingia sokoni 1973, ulikuwa na kopo dogo lenye springi, kazi yake kushikilia presha baada ya injini kuzimwa.

Presha imepitia wapi? Funga geji, zima injini, bana mpira unaorudisha mafuta tangini. Sindano ya geji ikiacha kushuka, regyuleta (kidhibiti presha ya mafuta) inavujisha. Rudia, safari hii ukibana mpira unaotoka kwenye pampu. Ikitulia hapo, vali ya pampu haifungi. Ukibana yote miwili na bado inashuka, injekta zinadondosha. Chomoa pia mpira mwembamba wa vakyumu kwenye regyuleta: ukiwa na petroli ndani, kiwambo kimetoboka. Injini hapo ni ya moto, kwa hiyo tone lolote ulifute kabla hujagusa swichi.

Kama ile michezo ya swichi haikusaidia, kanyaga pedali ya mafuta hadi chini na upige stata. Likikohoa, likashika na kutoa moshi mweusi, lilikuwa limelowa petroli. Hapa ndipo pampu yangu ilipopotelea. Sensa ya joto la maji huiambia kompyuta mafuta yawe kiasi gani. Aina iliyoenea sana husoma takriban ohm 2,500 kwenye nyuzi 20 na takriban 300 kwenye nyuzi 80. Ile yangu niliipima ikiwa ya baridi, ikasoma vizuri, nikaiacha. Baadaye nikapima upande wa kompyuta, injini ikiwa ya moto: zaidi ya 4,000. Ndani ya soketi kulikuwa na kutu ya kijani. Kompyuta iliamini kuna baridi kali, ikamimina mafuta kwenye injini inayochemka. Asubuhi mafuta hayo ya ziada hayakumsumbua mtu.

Likibaki kimya kabisa, tazama kwenye dashibodi sindano ya mizunguko ya injini wakati stata inafanya kazi. Kwenye magari mengi, isipotikisika kabisa, na plagi hazina cheche, sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, ndiyo mshukiwa wa kwanza. Mwagia sensa hiyo maji baridi, hiyo tu, usiguse ekzozi, kisha jaribu. Likiwaka, umempata.

Na kama pampu haivumi hata kidogo, tafuta rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha), mara nyingi chini ya dashibodi. Risasi ya kulehemu iliyo ndani yake hupasuka nyufa nyembamba kama unywele, na hiyo haihitaji hata joto la injini. Gari kukaa juani madirisha yamefungwa kunatosha. Igonge kwa mpini wa bisibisi. Pampu ikistuka na kuvuma, ifungue, utaziona nyufa hizo zikizunguka miguu yake kama pete.